Sadaharu Oh: mfalme aliyezuiwa na karatasi

Wiki hii tunaenda Japani, kwenye mchezo ambao wengi wetu hatujawahi kuucheza: besiboli. Msikimbie! Sheria ni chache. Mrushaji anatupa mpira kwa nguvu, mpigaji anausubiri na gongo la mbao. Akiukosa mara tatu, anatoka. Akiupiga ukavuka uzio wa uwanja, hiyo inaitwa homurani, na ndiyo inayoinua watu kwenye viti. Hayo yanatosha, sasa tumfuate mtu mwenyewe.

Sadaharu Oh alizaliwa Tokyo mwaka 1940. Mama yake alikuwa Mjapani. Baba yake alikuwa Mchina kutoka mkoa wa Zhejiang, aliyehamia Japani miaka ya 1920, na hapo Tokyo familia iliishi kwa mkahawa mdogo wa tambi. Zamani hizo sheria ya Japani ilifuata baba: mtoto alipata uraia wa baba yake, hata kama amezaliwa Tokyo, anaongea Kijapani na mama yake ni wa hapohapo. Kwa hiyo Sadaharu alikuwa mtoto wa mtaa kama wenzake, lakini kwenye karatasi alikuwa mgeni.

Baba alikuwa na mipango yake. Mtoto mkubwa awe daktari, huyu mdogo awe injinia, halafu siku moja warudi China kusaidia kwao. Wazazi wengi waliohama wana ndoto ya namna hiyo, si mnajua. Kaka yake kweli akawa daktari, na ndiye aliyemsihi baba amwache mdogo wake acheze.

Pale sekondari, katika shule ya Waseda Jitsugyo, Sadaharu alikuwa mrushaji. Mwezi wa nne 1957 shule yake ilichukua ubingwa wa Koshien, mashindano ya shule ambayo Japani nzima huyafuatilia. Alirusha huku vidole vimechubuka hadi mpira ukapata damu. Nchi ikajua jina lake.

Mwaka huohuo shule ikaingia kwenye Tamasha la Michezo la Taifa. Hapo ndipo karatasi ilipozungumza. Mashindano yale yalikuwa ya raia wa Japani peke yao. Kijana aliyewapa ubingwa akaambiwa hachezi. Hakuwa amefanya kosa lolote, na hakuna aliyesema hajui mchezo. Timu ikacheza bila yeye.

Tusome hapo polepole. Kati yetu wapo waliobaki langoni timu ilipopanda gari, kisa kitambulisho. Kwa hiyo hatutawadanganya kwamba Oh alifanya bidii na mlango ule ukafunguka. Haukufunguka. Alimaliza sekondari bila kucheza tamasha lile hata mara moja. Kilichotokea ni kwamba kulikuwa na mlango mwingine, ligi ya kulipwa, na timu kubwa kuliko zote, Yomiuri Giants ya Tokyo, ikamsajili.

Sasa mtu angetegemea sherehe. Wapi! Mwaka 1959 timu ikaona hatafika mbali kwa kurusha, ikamweka besi ya kwanza ili awe mpigaji. Majaribio yake 26 ya mwanzo, hakupata kitu. La 27, mwezi wa nne, likawa homurani. Msimu ule alipata homurani 7 tu, na wastani wa 0.161, yaani katika kila majaribio 100 alifanikiwa kama 16. Mara 72 alitolewa kwa kukosa.

Jina lake likageuka fimbo. Oh, kwa herufi wanayoiandika, maana yake ni mfalme. Mashabiki wakamwita mfalme wa kukosa mara tatu. Mwaka 1960 akapanda kidogo, homurani 17. Mwaka 1961 akashuka tena, 13. Miaka mitatu, na nguvu zake zilikuwa zinaonekana kwa macho, ila mpira haukutii.

Mwaka 1962 Giants ikamleta kocha wa upigaji, Hiroshi Arakawa. Kumbe hawa wawili walijuana zamani! Arakawa alikuwa amemwona Oh akiwa bado mtoto, anacheza uwanja wa mtaani na kupiga kwa mkono wa kulia, akamshauri apige kwa kushoto. Safari hii akatazama tena, akaona tatizo halikuwa nguvu wala moyo, bali wakati. Oh alichelewa kujiweka tayari, gongo likafika mpira umeshapita.

Dawa yake ilionekana kama mzaha: inua mguu wa mbele kabla mpira haujaja, simama kwa mguu mmoja kama heroe, subiri. Tarehe 1 Julai 1962 Oh alijaribu hivyo katika mechi, na siku hiyohiyo akapiga homurani. Kusimama vile kunataka mizani, kwa hiyo usiku walifanya mazoezi nyumbani kwa kocha hadi mikeka ya sakafuni ikachakaa. Wakajifunza aikido, mchezo wa kujihami wa Kijapani. Oh alikata kwa upanga karatasi iliyoning'inizwa darini, ili mikono ijue kushuka kwa njia moja iliyonyooka.

Hesabu zinajieleza. Mwaka 1962 homurani 38, za kwanza katika ligi yake. Mwaka 1963, 40. Mwaka 1964, 55, rekodi ya Japani ya msimu mmoja ambayo ilikaa hadi 2013. Alipostaafu mwaka 1980 alikuwa na 868. Na mwaka 1977 serikali ya Japani ilipoanzisha Tuzo ya Heshima ya Wananchi, wa kwanza kupewa alikuwa yeye, ambaye bado hakuwa raia.

Tunachobaki nacho ni hiki. Kanuni ya 1957 haikupima kipaji, ilisoma karatasi tu, na shule ndiyo iliyopoteza mchezaji. Arakawa yeye alimtazama kijana anayezomewa na kuuliza kinachomchelewesha ni nini. Ndugu zetu mnaofanya kazi na vijana kambini, swali hilo mnaweza kuliuliza leo bila bajeti yoyote. Na sisi vijana, tukikosa mara 26, tumtafute mtu wa kututazama vizuri kabla ya kutupa gongo chini.

Tuandikieni hapa chini: nani aliwahi kukutazama mara ya pili?