Ua Liitwalo la Afrika

Ua hili, ambalo hapa tutaliita tageti kwa kufuata jina la wataalamu wa mimea, twaliona katika nyua za Morogoro na kando ya nyumba za milimani Uluguru. Manjano yake huonekana toka mbali, na mtu akipitisha mkono katika majani yake, harufu haimtoki upesi. Kwa kuwa vitabu vya Kiingereza huliita "dhahabu ya Mariamu ya Afrika", wako walimu wawafundishao watoto kwamba ni ua la asili la nchi hii. Neno hilo yafaa lisahihishwe, maana mtoto akilishika hivyo, hulisahau lile lililo la kwao hasa.

Asili ya tageti ni Meksiko. Wenyeji wa kale waliliita kwa Kinahuatl cempoalxochitl, yaani "ua ishirini", kwa ajili ya wingi wa petali zake. Padre Bernardino de Sahagún, Mfransisko aliyefika huko mwaka 1529, aliwauliza wazee, akaandika mambo yao kwa lugha yao wenyewe katika vitabu 12, na ua hili limo. Hata leo Wameksiko hulitandaza makaburini tarehe 2 Novemba, wanapowakumbuka marehemu. Wahispania walilivusha bahari katika karne ya 16. Likaota hata pwani ya Afrika ya Kaskazini. Ndipo watu wa Ulaya wakadhani limetoka Tunis, baada ya vita vya Kaizari Karoli wa Tano huko mwaka 1535, wakaliita la Afrika. Ndugu yake mdogo wakamwita wa Ufaransa, naye vilevile ni wa Meksiko!

Yuko na binamu yao mrefu, mwenye maua madogo, aliyetoka Amerika ya Kusini na kuwa gugu la mashambani. Wakikuyu humwita mubangi, kwa kuwa majani yake yafanana na ya bangi. Makaburu humwita kichaka cha kaki, kwa sababu yasemwa alifika pamoja na malisho ya farasi wa askari wa Kiingereza, wavaa kaki, katika vita ya 1899 hadi 1902.

Basi, la kwetu ni lipi? Ni kivumbasha. Mmea huu wa jamii ya rehani ni wa Afrika tangu kale. Majani yake hutumika kwa dawa, na moshi wake kufukuza mbu. Rehani yenyewe jina lake ni la Kiarabu, na wanawake wa pwani huitia katika vikuba pamoja na asumini. Majina ya namna hii tunayo kwa usahihi kwa kazi ya watu kama Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyefika mwaka 1879. Alikusanya mimea, akaipeleka Paris kwa wataalamu, na katika kamusi yake ya mwaka 1939 jina la Kiswahili limewekwa karibu na jina la kitaalamu. Twatamani mwalimu wa milimani afanye vivyo hivyo kwa Kiluguru, wazee wangalipo: akate tawi, alikaushe katika karatasi, aandike jina na kijiji.

Hatusemi mgeni ang'olewe. Katika matuta ya mboga ya Mgeta aweza kufaa sana, kwani mizizi yake ina sumu iwauayo minyoo midogo, isiyoonekana kwa macho, ifanyayo mafundo katika mizizi ya nyanya. Lakini sharti tuta zima lijae tageti miezi miwili au mitatu, kisha ndipo zipandwe nyanya. Miche mitatu pembeni ni pambo tu. Tena maua yake makavu, yakichanganywa na chakula cha kuku, hukoleza manjano ya kiini cha yai. Ama lile neno kwamba chungu kimoja mlangoni hufukuza mbu, hatulikubali. Tumekaa karibu na chungu cha namna hiyo jioni nyingi, na mbu walikuwapo.