Bandu Bandu Huisha Gogo: Habari za Mtunzi wa Maneno 400

Kila sisi walimu tukutanapo katika semina zetu husikika lalamiko lile lile: vitabu vya hadithi vya Kiswahili ni haba madarasani. Na kila aulizwapo mmoja wetu kwa nini haandiki, jibu huwa tayari mdomoni: wakati hakuna. Sisi pia tumelitoa jibu hilo kwa miaka mingi. Ndani ya sanduku letu umelala mswada wa hadithi ya watoto ulioishia sura ya tatu, na karatasi zake zimekwisha kugeuka rangi. Kwa hiyo tumeona vyema kusimulia habari za mtu ambaye naye alikuwa na ajira ya mchana kama sisi, lakini akaacha rafu nzima ya vitabu.

Terry Pratchett alizaliwa tarehe 28 Aprili 1948 katika mji wa Beaconsfield, nchini Uingereza. Hakutoka katika ukoo wa wasomi. Baba yake alikuwa fundi wa magari. Mwenyewe alipenda kusema kwamba elimu yake aliipata katika maktaba ya mji wao. Akiwa na umri wa miaka 13 hadithi yake ilitokea katika jarida la shule, na mwaka 1963 jarida la kuuzwa likaichapa upya na kumlipa. Fedha hizo alinunulia taipureta iliyokwisha kutumika. Mwaka 1965 aliacha shule akaingia kazini katika gazeti la wilaya yao, ambamo pamoja na kuandika habari alitunga pia visa vya watoto. Hapana shaka kwamba gazeti ndilo lililomfunza nidhamu, maana ukurasa wa gazeti haungojei mwandishi apate hamu.

Hata hivyo, mwanzo wake katika riwaya ulikuwa wa kujikongoja. Riwaya ya kwanza ilitoka mwaka 1971, ya pili mwaka 1976, na ya tatu mwaka 1981. Katika miaka hiyo alihamia shirika la umeme la Uingereza akiwa ofisa wa habari, akawajibika kujibu maswali ya waandishi kuhusu vituo vya umeme wa nyuklia. Hiyo haikuwa kazi ya kumwachia mtu akili tulivu. Lakini alikuwa amejiwekea sharti: kila usiku maneno 400, hata kama mchana umemchosha namna gani.

Katika saa hizo za usiku ndipo ulipozaliwa ulimwengu wake mashuhuri, Discworld, ulioanza kuonekana mwaka 1983 katika kitabu The Colour of Magic. Ni dunia bapa kama sinia, iliyobebwa na tembo wanne waliosimama juu ya kobe mkubwa anayeogelea angani. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa sana, kwani Shaaban Robert alikwisha kutuonyesha mwaka 1951 nchi ya Kusadikika, inayoning'inia hewani. Na yafaa tukumbuke kwamba Shaaban Robert naye alikuwa mtumishi wa serikali aliyeanza na ukarani wa forodha. Wote wawili walitunga nchi zisizokuwako ili kusema kweli juu ya nchi zilizoko, na wote wawili walikula mshahara wa ofisi.

Hebu tupige hesabu kama tuwafanyiavyo wanafunzi. Maneno 400 kwa siku 365 ni maneno 146,000. Tukiondoa theluthi moja kwa ajili ya maradhi, misiba, wageni na yale yatakayofutwa, yanabaki zaidi ya 97,000. Hiyo ni riwaya nzima kwa mwaka. Mtunzi mwenziwe, Neil Gaiman, amesimulia kwamba usiku mmoja Pratchett alimaliza kitabu kabla ya kutimiza kipimo chake. Hakusimama kujipongeza. Alitia karatasi nyingine katika taipureta, akaanza kitabu kingine, mpaka maneno ya usiku ule yakatimia.

Mwaka 1987, vitabu vilipokuwa vimekwisha kuweza kumlisha, aliacha kazi ya shirika. Tangu hapo mara nyingi alitoa vitabu viwili kwa mwaka. Riwaya za Discworld peke yake zilifika 41. Mwaka 2001 alipata Nishani ya Carnegie kwa kitabu cha watoto, na mwaka 2009 akapewa cheo cha Sir.

Lakini mtihani mkubwa ulimjia mwaka 2007, madaktari walipomgundua ana aina adimu ya ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu ubongo na kumsumbua mtu hata katika kuona. Hakuweza tena kupiga chapa sawasawa. Akawa anasema kwa mdomo, na kompyuta au msaidizi wake akiandika. Kwa njia hiyo alitoa riwaya nyingine 5 za Discworld, ya mwisho ikachapishwa Agosti 2015, baada ya kufariki kwake tarehe 12 Machi mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 66. Mwaka 2017 wasia wake ulitekelezwa: diski ya kompyuta yenye kazi zake zisizokamilika ilipondwapondwa kwa mashine ya kushindilia barabara.

Tusijidanganye kwamba hali ni sawa. Yeye aliandika kwa lugha yenye wachapishaji wengi na wanunuzi wengi. Huku kwetu, ambako Kiswahili si lugha ya nyumbani kwa walio wengi, mswada waweza kumalizika ukakosa mchapishaji. Lakini hakuna mchapishaji awezaye kuupokea mswada ulioishia sura ya tatu. Kitabu cha watoto cha maneno 6,000, kwa maneno 100 kila usiku, ni kazi ya siku 60 tu, yaani chini ya muhula mmoja. Miswada ya Pratchett iliyobaki ilipondwa kwa amri yake mwenyewe. Yetu huliwa na mchwa bila ya sisi kuamua.

Nasi tumekwisha kulifungua lile sanduku. Sura ya nne imeanza.