Mapokeo ya Karakana: Gari la Kupe la Mwaka 1932



Juma hili tunawaalika tuvuke bahari hadi California, Marekani, tuingie katika karakana ya nyuma ya nyumba. Humo mna gari lisilo na milango, injini iliyoning'inizwa kwenye mnyororo, na mwenye nyumba aliyesimama na futi kamba mkononi. Analolijenga Wamarekani huliita hotirodi: gari la zamani, aghalabu Ford, lililovuliwa kila kizito kisicho cha lazima, likashushwa karibu na ardhi na kuongezwa nguvu kupita zile lilizozaliwa nazo. Naye akisema kwamba lake ni hotirodi la kimapokeo, ana maana ya ziada: hatatumia kifaa ambacho kijana wa miaka ya 1940 au mwanzoni mwa miaka ya 1950 asingeweza kukipata. Tunapenda kujiuliza mapokeo hayo ni kitu gani hasa, kwa sababu wanaoyashika hawakubaliani, na kutokubaliana kwao kuna gharama.

Tuanze na jina. Kupe tunalolizungumzia si yule mdudu wa ng'ombe. Ni neno la Kifaransa lenye maana ya kilichokatwa, nalo lilitumika kwanza kwa magari ya farasi yaliyofupishwa yakabaki na nafasi ya watu wachache. Baadaye likahamia kwenye motokaa fupi yenye milango miwili na paa lisilokunjwa. Msomaji aiweke maana hiyo akilini, maana habari ya kukata itarudi.

Henry Ford alitoa gari lake la Model T mwaka 1908, na hadi alipoacha kulitengeneza mwaka 1927 yalikuwa yametoka zaidi ya milioni 15. Likafuata Model A, lililodumu hadi mwaka 1931. Kwa wingi huo, yadi za vyuma chakavu za Marekani zilijaa magari ambayo kijana asiye na kitu aliweza kuyapata kwa fedha kidogo. Kisha, tarehe 31 Machi 1932, Ford alionyesha gari jipya lenye injini ya silinda nane. Leo mtu akisikia V8 huwaza gari kubwa la waheshimiwa, na enzi zile haikuwa mbali na hivyo: kwa kawaida injini ya namna hiyo ilikuwa ya wenye nazo. Ford aliisubu bloku yake kwa kipande kimoja, akaiweka katika gari la mtu wa kawaida. Ilikuwa na ujazo wa lita 3.6 hivi na nguvu za farasi 65. Tarakimu hizo hazitishi leo, lakini katika gari jepesi zilitosha kubadili maisha ya vijana wengi.

Vijana hao walikuwa na uwanja wao. Katika jangwa la Mojave, kaskazini mwa Los Angeles, yako maziwa yaliyokauka, ambayo sakafu yake ni tambarare na ngumu kwa maili nyingi. Mashuhuri kati yake ni Muroc na El Mirage. Walikwenda wakiendesha magari yaleyale waliyofanyia kazi juma zima. Wakifika waling'oa taa, kioo cha mbele na vizuia tope, wakakimbia, kisha wakavirudisha na kurejea mjini. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana katika chama cha Southern California Timing Association, ili mbio ziwe na saa ya haki na utaratibu. Vifaa vya kuongeza kasi vilibuniwa na watu wa karakana wenyewe. Vic Edelbrock, kwa mfano, alianza kutengeneza manifoldi ya kubeba kabureta mbili mwaka 1938, kwa ajili ya Ford yake ya mwaka 1932.

Vita vilisimamisha mengi. Viwanda viliacha kutengeneza magari ya raia mwaka 1942, na Muroc ikabaki mikononi mwa jeshi; siku hizi ni sehemu ya kambi ya ndege ya Edwards. Lakini waliorudi kutoka vitani walirudi na ufundi wa kuchomelea na kukereza vyuma, wakakuta pia mabaki ya zana za kijeshi yakiuzwa rahisi. Mwaka 1946 Bill Burke alichukua tangi la mafuta linalofungwa nje ya ndege ya kivita, akalifanya bodi ya gari la mbio. Hatudhani upo mfano bora zaidi wa roho ya watu wale: hawakutafuta kilicho kizuri, walitafuta kilichopo.

Katika hayo yote, gari la kupe lilikuwa mtoto asiyependwa. Chama kile kilikimbiza magari yasiyo na paa, kwa kuwa ni mepesi na upepo huyapita kwa urahisi, kupe halikuruhusiwa. Baada ya vita wenye kupe walipata nafasi katika chama kingine, Russetta Timing Association. Hapo ndugu wawili, Bob na Dick Pierson, walileta Ford ya kupe ya mwaka 1934 ambayo paa lake walilishusha sana na kioo chake cha mbele wakakilaza nyuma mno, hata upepo ukakosa pa kushika. Gari hilo lilipita maili 140 kwa saa. Lililokataliwa likawa la kutamaniwa, na tangu hapo kushusha paa kukawa karibu sawa na sharti kwa kila ajengaye kupe.

Si kila mtu alikimbilia jangwani. Wengine walishindana katika barabara za mji, watu wakafa, na magazeti yakaliona hotirodi kuwa jina la uhuni. Ndiyo maana viwanja vya mbio fupi vilifunguliwa, kama kile cha Santa Ana mwaka 1950, na ndiyo maana Wally Parks alianzisha National Hot Rod Association mwaka 1951. Mwaka 1953 ulikuwa wa mwisho kwa injini ile ya Ford katika magari mapya ya Marekani. Mwaka 1955 Chevrolet ilitoa V8 yake ndogo na nyepesi, na vijana wakaihamia bila machozi. Hawakuwa wakitunza kumbukumbu. Walitaka kasi.

Hapo ndipo lilipo fundo la jambo. Mwaka 1997 maonyesho ya Pebble Beach, ambayo ni ya magari ya kifahari, yalifungua kwa mara ya kwanza kundi la hotirodi, na mshindi akawa Ford ya mwaka 1932 iliyojengwa na Doane Spencer. Chuma chakavu kilikuwa kimekwisha kuwa urithi. Kupe la mwaka 1932 lililobaki kama lilivyotoka kiwandani sasa ni adimu na ghali. Basi anayetaka kuwafuata wazee wale afuate kipi? Akifuata tendo lao, atalikata gari ambalo halitapatikana tena. Akifuata vitu vyao, atalihifadhi kwa heshima ambayo wao hawakuwa nayo hata kidogo.

Sisi tunaona hivi: bodi iliyo nzima iachwe. Wazee wale walichukua kilichotupwa, na hata leo vipo vilivyotupwa, mabaki yaliyooza sakafu na kutobolewa kwa kutu. Tena viko viwanda Marekani vinavyotengeneza upya bodi za chuma za mfano wa mwaka 1932. Wapo wanaodai kwamba bodi mpya si mapokeo. Tunawaheshimu, lakini hoja yao ina tundu, kwa sababu hata wao katika magari yao ya mwaka 1932 hufunga breki za mafuta, ambazo Ford hakuzileta hadi mwaka 1939. Za kwanza zilivutwa kwa fito za chuma. Vijana wa zamani waliziondoa kwa sababu walitaka kusimama wakiwa hai, na hatujasikia mtu akiwalaumu kwa kukosa uaminifu.

Injini nayo ina ukaidi wake. Hewa chafu ya silinda zake hupita ndani ya bloku kabla ya kutoka nje, na silinda mbili za kati kila upande hutumia tundu moja. Kwa hiyo maji hupata moto upesi na chuma hupasuka karibu na vali. Ajengaye nyumbani hununua bloku ya zamani kwa fedha nyingi, huipeleka kupimwa nyufa, na pengine huambiwa kwamba alichonunua ni nanga.

Kazi ya kutisha kuliko zote, hata hivyo, ni paa. Nguzo za madirisha huegemea ndani kadiri zinavyopanda. Ukiondoa inchi tatu, kipande cha juu hakikutani tena na cha chini: yakupasa ulikate paa lenyewe na kulirefusha, au uzilaze nguzo. Vioo vyote hukatwa upya, na fremu za milango pia. Uwazi wa katikati, ambao kiwandani ulifunikwa kwa turubai, wengi huuziba kwa bati kutoka paa la gari jingine. Moto ukizidi katika kuchomelea, bati hujikunja. Na inchi iliyokatwa mahali pasipo pake hairudi.

Kwa hiyo mafundi wenye busara hawaanzi na msumeno. Hubandika utepe wa karatasi kwenye nguzo kuonyesha mahali pa kukata, wakasogea nyuma hadi mlangoni, wakatazama. Kisha huzima taa wakaenda kula. Kesho yake hurudi, wakaupandisha utepe nusu inchi, wakatazama tena.