Mnada, Butura na Bei ya Chini: Historia ya Maneno ya Mauzo Katika Ngara na Biharamulo

Neno "mnada" lina asili ya Kiarabu, nalo ni la shina moja na kitenzi "kunadi", yaani kutangaza kwa sauti. Asili hiyo yaeleza tendo lenyewe: mali hutajwa mbele ya watu, nao wanaoitaka hushindana kwa bei hadi abaki mmoja. Lakini katika wilaya za Ngara na Biharamulo, kama katika sehemu nyingi za bara, mnada ni pia siku ya gulio, ambapo ng'ombe, nguo na vyombo huuzwa kwa mapatano ya watu wawili. Mwananchi aweza kwenda mnadani kila juma pasipo kusikia zabuni hata moja. Mfasiri wa masharti ya mauzo ya mtandaoni hana budi kulikumbuka jambo hili tangu mwanzo.

Historia ya zao la kahawa yatuonyesha jinsi maana za "bei" zilivyobadilika. Wakulima wa Bugufi, katika Ngara, walikuwa na chama chao cha ushirika cha kahawa tangu mwaka 1936. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mazao yakawa yananunuliwa na mamlaka za mazao kwa bei iliyotangazwa na Serikali. Kwa mkulima wa miaka ile, bei ilikuwa tangazo, wala si shindano. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya kurudisha ushirika. Katika miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa. Na mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa iuzwe kwa kupitia vyama vya ushirika.

Pembeni mwa historia hiyo kuna neno moja la Kagera ambalo halina budi kutajwa: butura. Mnunuzi humpa mkulima fedha kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ndogo iliyokwisha kupatanwa. Mavuno yanapofika, kahawa ni ya mnunuzi, hata kama bei ya soko imepanda mara mbili. Serikali imelipiga marufuku jambo hilo, lakini neno lingali hai, na linabeba uchungu wa shida iliyomfanya mtu auze mapema.

Sasa tutazame mnada wa mtandaoni. Kampuni ya eBay ya Marekani ilianza mwaka 1995 kwa mnada wa kawaida. Mwaka 2000 ikaongeza bei maalumu ambayo mnunuzi akiilipa, huchukua mali mara moja bila kungoja wengine. Pamoja na hiyo ipo bei nyingine, ambayo muuzaji huiweka moyoni: zabuni zisipoifikia, halazimiki kuuza. Wazo hili la pili si geni kwetu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, yatambua kwamba mnada waweza kuwekewa bei ya namna hiyo. Hata wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi, wanapokutana kuamua kama wakubali au wakatae bei ya juu iliyotolewa mnadani, wanatumia haki iyo hiyo, ila bila ya kutaja tarakimu mapema.

Tuziiteje bei hizi mbili? Kwa bei ya muuzaji, wengine husema "bei ya akiba". Msomaji atadhani ni fedha iliyowekwa benki. "Bei kikomo" nayo haifai, kwani EWURA huitumia kwa bei ya juu kabisa ya mafuta, yaani kinyume cha tunalolitaka. "Bei dira" na "bei elekezi" hutolewa na mamlaka kwa ajili ya soko zima, hali bei yetu ni ya muuzaji mmoja kwa mali yake. Linalobaki ni "bei ya chini ya muuzaji": ni refu kidogo, lakini lasema ni ya nani na inazuia upande gani.

Kwa bei ya kuchukua mara moja, "bei ya kufunga" ingependeza, lakini katika soko la hisa hiyo ni bei ya mwisho wa siku. "Bei ya kununua kabla" ni hatari zaidi: katika Kagera itasikika kama butura. Tofauti ni kubwa. Katika butura, mali haijaiva na shida ndiyo inayopanga bei; katika mnada, mali ipo na mwenyewe ndiye anayeipanga, hadharani. Twapendekeza "bei ya papo", kwa kuwa "papo kwa papo" laeleweka na kila mtu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katibu wa chama cha msingi akijaza "bei kikomo" mahali pa "bei ya chini", atakuwa amewaambia wanunuzi wasizidishe, na hasara itawaangukia wanachama ambao hawakuiona fomu hiyo. Kwa hiyo walimu wa ushirika, na maofisa waandikao fomu za mauzo, wazifafanue istilahi hizi mbili kwa mifano ya kahawa kabla ya msimu kufunguliwa.