Kizigo: Mchanga na Taa

Nikiwa mtoto kusini mwa Manyoni, Mto Kizigo niliudharau. Kiangazi ni mchanga mtupu; masika unafurika na kukimbilia Mtera, kukutana na Ruaha Mkuu. Basi, thamani yake nimekuja kuijua ukubwani.

Mitambo ya Kidatu ilianza kutoa umeme mwaka 1975. Bwawa la Mtera likakamilika karibu na 1980, liwekee Kidatu akiba ya maji ya masika. Mwaka 1988 Mtera nayo ikapata mitambo yake, megawati 80. Maji yaliyotupita yakaturudia Singida kwa njia ya waya.

Lakini, ndugu msomaji, mto ukishazibwa haufuati tena majira: chini ya bwawa, mlango wa chuma ndio unaoamua. Na upande wa juu, tangu 1993, Ruaha Mkuu ukawa unakauka kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wakibanana madimbwini, maji mengi yakiwa yameishia kwenye mpunga wa Usangu. Mgao wa umeme ulipotukuta miaka ile, sisi tukailaumu mvua tu. Mvua peke yake, jamani?

Siku hizi nikiwasha taa naukumbuka mchanga ule. Sijui kuudharau tena.