Soga kabla ya reli: miaka ya 1700 mpaka 1730, huku kwetu na pwani yote

Wiki iliyopita nilikuwa café, na kompyuta ya pembeni yangu alikaa dogo mmoja wa kidato cha tatu. Kaandika "historia ya Soga", ikamletea reli, reli, na reli tena. Akanigeukia: "Braza, ina maana kabla ya Mjerumani hapa palikuwa pori tu?" Nilitaka kumjibu pale pale nikakosa pa kuanzia, nikamwambia nitaandika. Ndio hii sasa. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama dakika zako zinaelekea kuisha isevu kwenye flashi usome nyumbani.

Ya reli tuyamalize haraka. Mjerumani alianza kuijenga kutoka Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Hii mpya ya SGR, ambayo nayo ina kituo Soga, ilianza kubeba abiria mwaka 2024. Basi. Mimi nataka turudi mwanzoni mwa karne ya 18, yaani miaka ya 1700 na kitu (sio 1800, hapo wengi tunachanganya). Na kwa sababu mambo yote ya ukanda huu wakati ule yalikuwa yanaamuliwa baharini, itabidi tuanzie pwani halafu ndio tupande huku juu.

Karne ilianza na vumbi la vita. Mreno alikuwa ameitawala pwani kwa karibu miaka 200, na makao yake yalikuwa Ngome ya Yesu pale Mombasa, Fort Jesus. Machi 1696 Waomani wakaizingira. Wakakaa nje ya ukuta miezi 33! Ndani watu walikufa kwa maradhi kuliko kwa risasi. Kitu ambacho vitabu vingi vya shule vinakiruka ni kwamba waliokuwa ndani hawakuwa Wareno peke yao. Mwaka 1697 kapteni wa ngome alipofariki, aliyeshika uongozi wa ulinzi mpaka msaada ulipokuja ni Mswahili, Bwana Daud wa Faza, na wapiganaji aliokuwa nao walikuwa watu wa pwani hii hii. Na nje, upande wa Waomani, kulikuwa na Waswahili vile vile. Ngome ikaanguka Desemba 1698.

Kwa hiyo ukiambiwa "Mwarabu alimfukuza Mreno", ongezea kwamba kila mji wa Kiswahili ulikuwa na hesabu zake. Pate ilikuwa na ugomvi na Faza, Mombasa ilikuwa na wivu na Pate, na kila mmoja alitafuta mgeni wa kumsaidia dhidi ya jirani yake. Siasa zile zile tunazozijua.

Unguja kulikuwa na malkia, Fatuma. Yeye alikuwa upande wa Wareno, na wakati wa mazingira yale alipeleka chakula Mombasa kwa waliokuwa wamefungiwa ndani. Waomani waliposhinda hawakumsahau, wakamchukua mpaka Oman, ingawa inasimuliwa baadaye aliruhusiwa kurudi. Mtoto wake Hassan alitawala baada yake, na masimulizi yanampa sifa ya kufyeka vichaka pale ambapo leo ni Mji Mkongwe. Waomani wakajenga ngome yao pale pale mbele ya bahari, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Ngome yenyewe ni Ngome Kongwe. Waliokwenda kuangalia filamu za tamasha la ZIFF wamekaa ndani ya kuta za mwanzoni mwa karne ya 18 bila kujua.

Kusini, Kilwa, nako kulikuwa na mwanamke juu: Mfalme Fatima binti Muhammad. Hapa ndipo mimi napenda zaidi. Mwaka 1711 yeye na watu wa nyumba yake, akiwemo binti yake Mwana Nakisa, waliandika barua kwa herufi za Kiarabu, zikaenda kwa Wareno wa Msumbiji na rafiki zao wa huku. Barua hizo zipo mpaka leo, zimehifadhiwa kwenye nyaraka za Goa, India. Mara nyingi zinatajwa kuwa maandishi ya Kiswahili ya zamani kuliko yote yaliyobaki, ingawa wapo wataalamu wanaobishia lugha yake. Wabishane. Kwangu habari ni kwamba miaka mia mbili kamili kabla ya bibi wa bibi yangu kuona kalamu, binti wa Kilwa alikuwa anaandika barua ya siasa na kuitia kwenye jahazi.

Huko Oman nako mambo yakaharibika. Sultani Seif bin Sultani, ambaye enzi yake ndiyo iliyoiteka Mombasa, alifariki 1711. Mwanawe naye akafariki 1718, na nchi ikaingia kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe kugombea kiti. Pwani ikaona upenyo. Mfalme wa Pate akamwita Mreno arudi, na Machi 1728 bendera ya Ureno ikapanda tena Fort Jesus. Haikudumu hata miaka miwili. Wareno walirudi na tabia zao zile zile, watu wa Mombasa wakachoka, wakainuka wenyewe, wakawabana ndani ya ngome mpaka njaa ikawashinda. Novemba 1729 wakaondoka na kushuka zao Msumbiji. Tangu hapo Mreno hakutawala tena kaskazini ya Mto Ruvuma. Mwaka huo huo wa 1728, Bwana Mwengo bin Athumani alikuwa Pate akitunga Utendi wa Tambuka, zaidi ya beti elfu moja juu ya vita na mfalme wa Rumi. Ndio utendi wa zamani ambao mwaka wake tunaujua.

Ulaya je? Mwaka 1712 Mwingereza Thomas Newcomen alitengeneza mashine ya mvuke ya kuvuta maji kwenye migodi ya makaa. Naitaja kwa sababu mjukuu wa mashine ile ndiye aliyepita Soga akitoa moshi miaka mia mbili baadaye. Na Wafaransa mwaka 1715 walichukua kisiwa cha Mauritius. Hili lilionekana dogo wakati ule, lakini mashamba ya miwa ya huko ndiyo yaliyokuja kumeza watu wetu kupitia Kilwa kabla karne haijaisha.

Haya, sasa tupande huku juu. Soga hakuna aliyeandika barua mwaka 1711. Hapa ni nchi ya Wazaramo na Wakwere, na ushahidi wetu ni mdomo na lugha. Masimulizi ya Wazaramo yanasema hivi: Washomvi wa pwani walishambuliwa na Wakamba, wakaomba msaada kwa watu wa bara waliokuwa wakiongozwa na Pazi. Wakamba wakapigwa, na tangu hapo Pazi na watu wake wakapata haki ya kukaa karibu na pwani na kupewa sehemu ya mali yake. Hakuna tarehe kamili, lakini wengi waliochunguza wanaiweka ndani ya karne hiyo hiyo ya 18. "Pazi" likaendelea kuwa jina la cheo cha wakubwa wa Kizaramo.

Je, ni hadithi tu? Sikiliza lugha. Kizaramo, Kikwere, Kikutu na Kiluguru ni ndugu wa karibu sana, mtu wa Soga akikaa Matombo wiki moja anaanza kusikilizana nao. Koo zinafuata upande wa mama kote huko. Na wazee wa Kizaramo walikuwa wakisafiri mpaka milima ya Uluguru kuomba mvua kwa Kolelo. Mtu hafungi safari ya siku nyingi kwa miguu kwenda kuomba mahali asipokuwa na asili napo. Leo ukipanda SGR hapo Soga unafika Morogoro chini ya saa mbili, kwa njia ambayo waliitembea wakiwa na watoto mgongoni.

Kwa hiyo dogo wa kidato cha tatu, jibu ni hapana, halikuwa pori tu. Ila karatasi za Kilwa zimetunzwa Goa, za kwetu zilikuwa vichwani mwa wazee, na hapo ndipo panaponiuma.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitupeleka kufagia makaburi saba chini ya mwembe, kwenye shamba la ukoo. Kila kaburi analitaja jina, na la mwisho upande wa jua kuzama alisema ni la mama aliyetoka mlimani. Sisi watoto tulikuwa tunacheka tukitaka kurudi kucheza. Bibi alifariki. Shamba likagawanywa, likapimwa viwanja, mwembe ukakatwa, na aliyenunua kile kipande hana kosa, hakuambiwa. Nimekaa na mama yangu na mjomba wangu mkubwa jioni nzima, tumekumbuka majina manne.

Matatu yamebaki. Kama kuna mdau ana wazee Soga, Kisarawe au Mlandizi wanaojua koo zilizoteremka kutoka Uluguru, awaulize wikiendi hii halafu aandike hapo chini: jina la ukoo, mama wa kwanza anayetajwa, na walikopitia. Hata kwa simu, hata nusu nusu. Mimi nitaanza kwa kuweka yale manne.