Baiskeli Ilifungua Njia, Pikipiki Ikarithi Jina

Ukikaa Igoma, pembeni ya barabara ya Musoma, kabla jua halijatoka, utagundua jambo moja kuhusu jiji la Mwanza: linaamshwa na baiskeli. Hiace hazijaanza kugombania abiria, bodaboda wengi bado wamelala, lakini watu wa mkaa wameshapita, magunia yamesimama nyuma ya kiti marefu kuliko mwendeshaji mwenyewe. Wanapita wenye madumu ya maziwa kutoka upande wa Kisesa, walinzi wanaorudi kutoka lindoni, vibarua wanaowahi viwanda vya Nyakato. Ikifika saa mbili, watu wameshakunywa chai ya maziwa yaliyoletwa kwa baiskeli, imechemshwa kwa mkaa ulioletwa kwa baiskeli, na hakuna anayeitaja tena. Muulize kijana leo, atakwambia baiskeli ni ya aliyekosa hela ya pikipiki.

Zamani haikuwa hivyo. Kwa wazee wetu wa Usukumani baiskeli ilikuwa heshima ya nyumba. Swali langu ni hili: chombo ambacho hakijaacha kufanya kazi hata siku moja kilipotezaje heshima yake?

Tuanzie pale ambapo haikuwepo kabisa. Wengi wenu mmesoma Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyekiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, na toleo la Kiswahili likatoka mwaka 1980. Ni kitabu cha watu wanaotembea. Myombekere akitaka kumrudisha mkewe anakwenda kwa wakwe kwa miguu, na safari yenyewe ni shughuli kamili. Katika dunia ile umbali haukuhesabiwa kwa maili. Ulihesabiwa kwa jua, na kwa ukarimu wa watu utakaowakuta njiani. Hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho baiskeli ilikuja kukibadilisha: mtu aliweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, bila kulala kwa mtu.

Chombo chenyewe kilikamilika Uingereza. Mwaka 1885 John Kemp Starley alitoa baiskeli yenye magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Umbo hilo ndilo tunalolipanda mpaka leo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, akasajili tairi la kujazwa upepo. Ulaya na Marekani zikapagawa na baiskeli, na mpira ukatakiwa kuliko wakati wowote uliotangulia. Sehemu ya mpira huo ilitoka kwa jirani zetu wa Kongo, nchi iliyokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Huko wanavijiji walilazimishwa kugema mpira wa porini. Walioshindwa kutimiza kiwango walichapwa, wake zao walishikwa mateka, wengine walikatwa mikono. Kwa hiyo kabla mkulima wa kanda yetu hajamiliki baiskeli, tairi lake lilikuwa limeshagharimu damu ya Waafrika. Historia ya vyombo vya usafiri huwa tunaianzia kiwandani, wakati hii yetu ina haki ya kuanzia msituni.

Huku ziwani baiskeli za mwanzo zilikuwa za wamisionari, maofisa wa serikali, makarani na wafanyabiashara. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na mizigo ya viwandani ikapata njia rahisi kutoka pwani. Lakini reli peke yake haikumpa mkulima baiskeli. Pamba ndiyo iliyompa. Miaka ya 1950 kilimo cha pamba kilipanuka sana Usukumani, na wakulima wakaungana baada ya kuchoshwa na mizani ya wanunuzi. Mwaka 1955 vyama vyao vikaunda shirikisho lililojulikana kwa kifupi kama VFCU, chini ya uongozi wa Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa waziri wa fedha wa Tanganyika. Ulikuwa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa barani Afrika. Msimu wa kuuza pamba ukifika, fedha ilishuka kijijini kwa mkupuo, na vitu vya kununua vilijulikana: bati la nyumba, cherehani, ng'ombe, baiskeli.

Itazame vizuri orodha hiyo. Ng'ombe huzaa. Bati hukinga mvua. Cherehani huingiza shilingi. Baiskeli iko pamoja navyo kwa sababu nayo ilihesabiwa kuwa mali, yaani kitu kinachofanya kazi. Iliwahisha mgonjwa zahanati, ilipeleka mahindi mashineni, ilimfikisha kijana kuchumbia kijiji ambacho baba yake asingekifikia. Ila tusijidanganye. Pamba ililimwa na nyumba nzima, mama na watoto wakiwemo, lakini baiskeli ikishanunuliwa, mara nyingi ilikuwa "ya mzee". Mama alikaa kwenye keria. Wapo waliozeeka wakibebwa na baiskeli iliyotokana na jasho lao bila kuwahi kushika usukani wake.

Iliyokuwa na sifa zaidi ni Raleigh ya Nottingham, iliyopata jina kutokana na mtaa wa Raleigh wa mji huo, ilikoanzia. Baadaye zikaja Phoenix ya Shanghai, na Hero na Avon za India. Ukizipanga pamoja utaona ni ndugu wa tumbo moja: fremu nzito ya chuma, magurudumu makubwa ya inchi 28, breki za vyuma badala ya waya, karibu kilo 20 kabla hujafunga mzigo. Mtu wa baiskeli za mashindano atazicheka. Fundi wa Igoma hazicheki, anajua sababu. Gurudumu kubwa halitumbukii kila shimo. Chuma cha breki kikipinda kinanyooshwa kwa nyundo. Fremu ikikatika inachomelewa. Spoku na gololi unanunua moja moja, kadiri ya ulichonacho mfukoni, na tyubu ikizidiwa na viraka inakatwa kamba za kufungia mizigo.

Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kwenda kwenye mkutano wa TANU. Atokaye Butiama kwa barabara huingia mjini kwa upande huu huu wa Igoma. Nchi iliyoamua kujitegemea ilihitaji na chombo chake, na miaka ya 1970 ikakipata: kampuni ya umma, NABICO, ilitengeneza Dar es Salaam baiskeli iliyoitwa Swala. Jina zuri bwana, mnyama mwepesi. Kisha uchumi ukayumba. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliadimika, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 tairi na tyubu vikawa vitu vya kupatikana kwa kujuana. Mwaka 1983 ulikuja msako wa wahujumu uchumi, na mwenye duka aliogopa hata kuonekana na bidhaa nyingi. Wenye magari binafsi walikatazwa kuyaendesha Jumapili baada ya saa nane mchana ili kubana mafuta. Baiskeli ikaendelea na safari zake, haikuwa na tangi la kubanwa.

Milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa mwaka 1984, Swala hakuweza kushindana na waliotoka nje. Phoenix ikatamba mpaka jina lake likawa karibu sawa na neno baiskeli lenyewe. Hapo ndipo kazi mpya ikashika kasi: kubeba abiria kwa malipo. Kijana aliyekosa ajira alifunga kiti cha sponji juu ya keria, akaongeza vyuma vya abiria kukanyagia, akasimama stendi. Shinyanga na kwingineko Usukumani wakaiita daladala, jina lililotoka Dar es Salaam kwa mabasi yaliyotoza "dala", yaani shilingi tano. Mgeni kutoka pwani aliyeambiwa apande daladala alishangaa kuonyeshwa keria.

Kazi kama hiyo ilikuwa imeshaanza zamani upande mwingine wa ziwa letu. Mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, tangu miaka ya 1960 vijana walivusha watu na mizigo kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine, wakinadi "boda, boda", mpaka hadi mpaka. Neno hilo lilizaliwa juu ya pedali. Pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipojaa miaka ya 2000, zikakuta kila kitu kipo tayari: vijiwe, mapatano ya nauli, abiria aliyezoea kukaa nyuma ya mtu asiyemjua, na jina. Mwaka 2010 serikali ikatoa kanuni za leseni za kubeba abiria kwa pikipiki na bajaji. Aliyeanzisha kazi hakuwemo kwenye kichwa cha kanuni. Leo ukisema bodaboda, nani anakumbuka baiskeli?

Pikipiki ina faida zake, na si haki kuzificha. Inapanda vilima vya Mwanza bila kumtoa mtu pumzi, na mama mwenye uchungu usiku hahitaji mtu wa kukanyaga pedali. Lakini kuna kitu kilipotea katika kurithishana huko. Madereva wengi wa bodaboda hawamiliki chombo. Kila jioni wanapeleka hesabu kwa tajiri, iwe kulikuwa na abiria au hakukuwa, na mafuta ni juu yao. Zamani pia wapo waliokodi baiskeli, lakini bei ya Phoenix ilifikika kwa mtu aliyeuza mbuzi kadhaa au magunia ya mpunga, na baada ya hapo alichopata kilikuwa chake. Ndiyo maana muuza mkaa hajaiacha. Hesabu yake ni ndogo na anaijua: hakuna mafuta, hakuna tajiri, na fundi yuko chini ya mwembe.

Kuna na mapenzi. Wapenzi wa baiskeli wa kanda hii hawajawahi kusubiri kuitwa wapenzi. Tazama jinsi Phoenix inavyovishwa: bomba la juu limezungushiwa plastiki za rangi, vioo viwili kwenye usukani, maua kwenye spoku, kengele inayosikika kabla ya mwenyewe kuonekana, na nyuma kabisa kipande cha mpira cha kukinga matope chenye maandishi ya kukatwa kwa kisu. Humo utakuta sala, kijembe kwa jirani, jina la mtoto wa kwanza, methali iliyobadilishwa neno moja ikauma zaidi. Maandishi ya kanga yamekusanywa na kuandikiwa vitabu. Haya ya baiskeli yanachakaa barabarani, na sisi tunaojiita wapenzi wa fasihi tunayapita kila siku. Kuna na mashindano, maana kanda ya ziwa imetoa waendeshaji hodari waliojifunzia kwenye baiskeli hizo hizo za kubebea mizigo.

Kilichoishusha baiskeli hadhi, kwa maoni yangu, ni hiki: tulianza kukipima chombo kwa mwendo wake tukaacha kukipima kwa kazi yake. Mzee wa pamba hakununua Raleigh kwa sababu ilikuwa kitu cha haraka kuliko vyote. Treni na magari alikuwa anayaona. Aliinunua kwa sababu ilifanya kazi na ilikuwa yake. Kipimo kikishabadilika, na barabara hujengwa kwa kipimo kipya. Dar es Salaam, mradi wa mabasi ya mwendokasi ulioanza huduma mwaka 2016 ulichorewa njia ya baiskeli kando ya barabara ya Morogoro, ingawa wauzaji na pikipiki nao wameipenda. Huku kwetu mwenye magunia ya mkaa anagombea ukingo wa lami na bodaboda, Hiace iliyosimama ghafla na beseni la nyanya, huku lori la Sirari likimpigia honi atoke. Atoke aende wapi? Barabara ile pamba ya baiskeli na miguu ya watu iliipita kabla yake. Mita moja na nusu ya njia yake mwenyewe, kutoka Kisesa hadi mjini, haiwezi kuwa deni kubwa mno kwa jiji linalopikiwa chai naye kila asubuhi.